Jinsi ya Kumkatalia Aliyekukatalia Waranti

Siku ya kununua lori unaitwa bosi. Unaletewa soda baridi, unapigwa picha umeshika mfano wa ufunguo, na meneja mauzo anakuandikia namba yake binafsi: "Piga saa yoyote, mzee wangu." Miezi minane baadaye lori linazimika mlima wa Kitonga likiwa na mzigo wa Lubumbashi. Linavutwa kurudi Dar es Salaam kwa fedha zako, linalala wiki mbili kwenye gereji ya wakala, kisha unapokea barua ya aya moja: injini imeharibiwa na mafuta machafu, kwa hiyo haihusiki na waranti. Ile namba binafsi sasa inaita bila kupokelewa, na benki, ambayo haijui Kitonga wala nozeli, inasubiri rejesho lake la mwisho wa mwezi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye barua hiyo mkononi. Niko upande wake waziwazi, kwa sababu lori moja la mkopo ni ada za watoto, ni mshahara wa dereva na utingo wake, na mara nyingi ni nyumba iliyowekwa rehani. Jambo la kwanza alijue hili: barua ile si hukumu. Ni maelezo ya upande mmoja, na upande huo ndio ungelipia injini kama maelezo yangekuwa mengine. Aliyechunguza, aliyeamua na aliyeokoa fedha zake ni mmoja. Maelezo ya namna hiyo hujibiwa.

Usigombane mapokezini

Binti wa mapokezi hakufungua injini yako, na mlinzi wa getini hakuandika ile barua. Ukipiga kelele pale, utakuwa umewapa kitu kimoja tu cha kuweka kwenye faili lako: kwamba mteja ni mkorofi. Kuwa mteja mpole kuliko wote waliowahi kuingia, na mwenye maswali mengi kuliko wote.

"Mzee wangu, fundi amesema ni mafuta."

"Sawa, mwanangu. Fundi yupi?"

"Wa hapa ndani."

"Niandikie jina lake, siku aliyofungua injini, na alichokiona kwa macho yake."

"Hiyo huwa hatunaga, mzee."

"Basi niandikie kwamba hamna."

Hapo ndipo mazungumzo yanapobadilika sura. Kusema "mafuta machafu" kwa mdomo ni rahisi. Kuandika ni mafuta gani, yalichukuliwa wapi, yalipimwa na nani na yalikutwa na nini, huku mtu akiweka sahihi yake chini, ni kazi nyingine kabisa. Lengo lako lote katika wiki ya kwanza ni hilo: kila wanachosema kishuke kwenye karatasi.

Nawe uandike. Barua yako isiwe na matusi, isiwe na habari za watoto wako, isizidi ukurasa mmoja. Juu weka namba ya chesisi, namba ya injini na kilomita zilizosomwa siku lilipozimika. Kisha andika hivi:

"Nimepokea barua yenu na sikubaliani na sababu mliyoitoa. Naomba ndani ya siku saba mnipatie ripoti ya fundi yenye picha na jina lake; majibu ya maabara kuhusu mafuta mliyopima, yakionyesha yalichukuliwa wapi, lini na mbele ya nani; kumbukumbu zote za hitilafu zilizosomwa kwenye kompyuta ya gari; na kifungu cha waranti mnachokitegemea, kwa namba yake. Hadi suala hili litakapokwisha, msitupe, msioshe wala kupeleka popote kifaa chochote kilichotolewa kwenye injini hii bila idhini yangu ya maandishi. Gari lipo kwenu kwa sababu ya mgogoro huu, hivyo sitakubali tozo ya maegesho."

Chapisha nakala mbili. Moja ibaki kwao, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe na sahihi. Wakisema mhuri uko kwa mtu aliyekwenda kula, msubiri ale. Tuma pia kwa baruapepe jioni hiyohiyo.

Kuna karatasi moja ambayo wao watakutaka usaini kabla ya yote: idhini ya kufungua injini. Isome neno kwa neno. Mara nyingi ndani yake kuna sentensi kwamba ikionekana tatizo haliko ndani ya waranti, gharama ya kufungua ni yako. Ukilazimika kusaini, andika kwa mkono pembeni ya sahihi: "Nasaini bila kuathiri haki zangu na bila kukubali sababu ya hitilafu." Omba pia uwepo, wewe au fundi wako, siku ya kufungua. Injini iliyofunguliwa bila wewe kuwepo itakuwa na msimuliaji mmoja tu.

Ushahidi wako unamwagika

Wakati barua zinakwenda na kurudi, ndani ya gereji kuna kijana anataka nafasi. Atamwaga tangi, atatupa filta kwenye pipa, ataosha pampu kwa dizeli safi ili aione vizuri. Hana nia mbaya, ndivyo alivyofundishwa. Lakini akishafanya hivyo, hakuna maabara duniani itakayosema mafuta yale yalikuwa safi au machafu.

Kwa hiyo sampuli ichukuliwe mapema, na ichukuliwe kwa adabu. Tafuta makopo ya chuma au chupa za glasi zilizo safi na kavu, za ujazo wa lita moja. Achana na chupa za maji ya kunywa zilizookotwa, maana tone la maji lililobaki ndani litakugeuka. Chota kutoka chini ya tangi, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli na hukaa chini. Kama lori lina matangi mawili, chota yote mawili. Chota pia kilichomo kwenye filta inayochuja maji. Kila sampuli igawanywe mara tatu: ya wakala, ya maabara, na ya kubaki imefungwa. Bandika karatasi yenye tarehe, saa, namba ya gari na mahali ilikotoka, msaini wote wawili, kisha ufunge kwa lakiri au utepe ambao hauwezi kufunguliwa bila kuchanika. Piga picha za hatua zote hizo. Filta ya zamani usiioshe. Itie kwenye mfuko safi pamoja na mafuta yake.

Chukua na oili kidogo kutoka kwenye injini, glasi moja inatosha. Oili ni shahidi mzuri sana. Maabara ikikuta silika nyingi, vumbi liliingia, na swali linahamia kwenye filta ya hewa na mabomba yake. Ikikuta maji yenye dawa ya rejeta, kuna gasketi au kichwa cha silinda kinachovuja. Ikikuta dizeli ndani ya oili, nozeli au pampu ilikuwa inavujisha siku nyingi kabla ya Kitonga.

Usimfukuze dereva. Najua hasira ya mwenye gari ikipanda humwangukia nani kwanza. Lakini dereva ndiye shahidi wako pekee wa dakika zile: taa gani iliwaka, injini ilipiga kelele gani, moshi ulikuwa wa rangi gani, alizima baada ya muda gani. Kaa naye siku hiyohiyo, aandike yote kwa maneno yake mwenyewe, asaini. Ukimfukuza Jumatatu, Ijumaa atakuwa njiani kwenda Kigoma na gari la mtu mwingine, na huna haki ya kumlaumu akikataa kuja kukusaidia.

"Mafuta machafu"

Sababu hii inapendwa kuliko zote, na inapendwa kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Mafuta machafu yapo. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili yasichanganywe na dizeli. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Na injini za siku hizi hazivumilii kama zile za zamani. Kwenye mfumo ambao mafundi wanauita komoni reli, dizeli hukandamizwa hadi bar 2,000 na zaidi, wakati tairi la lori lako lina bar 8 hivi. Sehemu zinazosukuma dizeli hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe, na nafasi kati ya chuma na chuma ni mikroni chache tu. Maji kidogo yakipita, ulainishaji unakatika, chuma kinasagana.

Lakini kutokana na ukweli kwamba mafuta machafu yapo nchini, haifuati kwamba yalikuwemo kwenye tangi lako. Hapa ndipo pa kusimama imara.

Watakuonyesha unga wa chuma ndani ya filta au kwenye reli, wang'arishe tochi, waseme: "Unaona uchafu?" Angalia vizuri. Unga unaong'aa ni chuma kilichosagika ndani ya mfumo, na pampu inayokufa kwa kasoro yake yenyewe hutapika unga huohuo na kuusambaza hadi kwenye nozeli zote. Hayo yanaweza kuwa matokeo ya kuharibika, siyo chanzo chake. Maji yakikaa huacha kutu: rangi ya kahawia, madoa kwenye chuma, vishimo vidogo. Uliza kwa maandishi: unga huu ni wa chuma gani, na kifaa gani kwenye mfumo kimetengenezwa kwa chuma hicho? Kutu iko wapi? Kama hakuna kutu, maji yalipita vipi bila kuacha alama?

Kisha nenda kwenye kompyuta ya gari. Malori mengi ya kisasa hurekodi hitilafu kwa namba za mfumo wa J1939, na namba hizo hazina urafiki na mtu yeyote. SPN 97 ni ya maji kwenye mafuta. SPN 157 ni ya presha ya reli. SPN 100 ni presha ya oili, na SPN 190 ni mzunguko wa injini. Wakala anayesema maji yaliua pampu aonyeshe SPN 97 iliwaka lini na mara ngapi. Kama haikuwaka kabisa, inabidi aeleze kwa nini sensa aliyokuuzia ilikaa kimya. Na kama SPN 157 ilianza kujirekodi wiki kadhaa kabla, huku gari likiwa limepita kwenye gereji yake kwa matengenezo ya kawaida katikati ya wiki hizo, umepata hoja kubwa kuliko zote: waliiona, au walipaswa kuiona, wakakuruhusu uondoke.

Halafu risiti. Risiti ya EFD ina jina la kituo, tarehe, saa na kiasi ulicholipa. Zipange zote za mwezi wa mwisho. Ukiwa na gari jingine, lako au la jirani, lililojaza kituo hichohicho siku hiyohiyo na mpaka leo linakula lami, leta na risiti yake. Karatasi hizi hufifia joto la kabati la gari likizipata, kwa hiyo dereva azipige picha na simu palepale kwenye pampu.

Sasa tuseme maabara huru imepima na kukuta mafuta ni machafu kweli. Hapo usishindane na wakala, anasema kweli. Geukia kituo cha mafuta. Ile sampuli ya tatu iliyofungwa na ile risiti ndizo zitakazokufikisha huko, na EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya ndio wenye mamlaka juu ya vituo. Hasara ina mwenyewe. Kazi ni kumpata aliye sahihi.

Visingizio vingine, kwa haraka

Ulizidisha mzigo. Jibu ni karatasi za mzani. Lori lililotoka Dar kwenda Tunduma limepita Vigwaza, Mikese, Makambako. La Mombasa limepita Mariakani na Gilgil. Kila mzani una kumbukumbu. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa jumla, lakini angalia pia uzito ambao kiwanda kimeuandika kwa ajili ya gari lako, maana wakala atautegemea huo.

Hukufanya sevisi. Jibu ni daftari lenye mihuri na risiti za oili na filta, zikionyesha kilomita. Kama waranti inataka sevisi ifanywe kwa wakala tu na gari lako hufikisha kilomita zake likiwa Kongo, waandikie mapema kuomba ruhusa ya kuifanya kwingine. Wakikaa kimya, barua yako yenye muhuri itasema kwa niaba yako.

Dereva aliiachia injini mteremkoni. Hili hutokea: gia isiyofaa, mzigo unasukuma, injini inazunguka kupita kiwango. Kompyuta hurekodi. Muulize dereva wako kwa upole kabla ya wao kumuuliza, ili ujue unasimamia nini.

Ulichezea kompyuta. Kama ulimlipa kijana wa laptop aongeze nguvu au azime mfumo wa AdBlue, okoa nauli yako. Wataligundua, na watakuwa na haki ya kukataa kwa kiasi ambacho uchezeaji huo ndio uliosababisha uharibifu. Kama nozeli imekufa na ulichobadilisha ni redio, kataa.

Ngazi za kupanda

Wakala si mwisho wa barabara. Nyuma yake kuna mtengenezaji, na mara nyingi mtengenezaji ndiye anayemrudishia wakala fedha za kazi ya waranti. Tafuta ofisi yake ya kanda, peleka faili zima, na uulize swali moja ambalo huwafanya watu wakae sawa: je, kiwanda kimewahi kutuma kwa mawakala taarifa ya kiufundi kuhusu hitilafu hii kwa injini za toleo hili? Taarifa za aina hiyo hutumwa kwa mawakala na wateja wengi hawaambiwi.

Ukishindwa huko, kuna wasimamizi. Tanzania ina Tume ya Ushindani, FCC, iliyotokana na sheria ya mwaka 2003. Kenya ina Mamlaka ya Ushindani, CAK, chini ya sheria ya mwaka 2010. Zote hupokea malalamiko ya walaji. Kwa Kenya, madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60; pampu na nozeli zinaweza kuingia humo, injini nzima ya lori huenda isiingie. Bima usiitegemee: hata ile kubwa kwa kawaida hailipi injini iliyojifia yenyewe.

Kwa kesi kubwa utahitaji wakili, na wakili atahitaji faili. Katika mahakama za Kenya na Tanzania anayedai jambo ndiye anayelithibitisha. Wewe utathibitisha kwamba lori lilikuwa ndani ya muda na kilomita za waranti, na kwamba liliharibika. Anayesema kuna jambo linalomwondolea wajibu, alete ushahidi wa jambo hilo. Maneno ya waranti yenye utata huweza kusomwa dhidi ya aliyeyaandika, na aliyeyaandika si wewe. Sheria za uuzaji wa bidhaa za nchi zote mbili zinatambua pia kwamba kitu kilichouzwa kwa kazi fulani kinapaswa kuifaa kazi hiyo, ila mkataba unaweza kupunguza haki hiyo, ndiyo maana wakili ausome mkataba kabla ya kitu kingine.

Mahali fulani kwenye ngazi hizi utaitwa ofisini, utaletewa soda tena, na utaambiwa kampuni kwa moyo mwema italipia nusu ya spea. Usikatae papo hapo, usikubali papo hapo. Kama sevisi zako zina mapengo, au sampuli ilimwagwa kabla hujaifikia, nusu hiyo ni fedha nzuri na mimi ningeichukua. Kama faili lako limejaa, wanakupa nusu kwa sababu wamelisoma. Omba spea zote na kazi yote, na uwe tayari kuanza mazungumzo ya siku ambazo gari halikufanya kazi. Vyovyote mtakavyoafikiana, hakikisha spea mpya zina waranti yake ya maandishi na kwamba hakuna mstari unaosema umekiri kutumia mafuta machafu.

Muda wa kudai kwa msingi wa mkataba ni miaka 6, Kenya na Tanzania. Mafuta yaliyomo kwenye tangi hayana muda huo. Kama lori lako liko kwenye gereji yao sasa hivi na tangi halijamwagwa, weka gazeti hili chini, uwapigie, kisha uende na makopo matatu na mtu wa kushuhudia.